Paa la Gari Lililogongwa kama Kibuyu

Mbuzi aliyevunja paa la gari langu alikuwa wa mama mkwe, na ugumu wote ulianzia hapo. Angekuwa mbuzi wa jirani ningejua la kufanya. Ningekwenda kwake jioni, tungesalimiana kwa muda unaostahili, tungezungumzia mvua iliyochelewa, kisha ningemwomba aje aone. Lakini mbuzi wa mama mkwe humlalamikii kwa mtu yeyote, na kwa mama mkwe mwenyewe ndiyo kabisa.

Nieleze kidogo, kwa ajili ya msomaji ambaye kwao mambo haya yamelegea. Mimi nimetokea Kondoa. Mke wangu ni Mgogo wa vijiji vya Chamwino, na mama yake ni wa kizazi kinachoshika heshima ya ukwe bila kupunguza hata chembe. Hakai chumba kimoja na mimi. Nikiingia sebuleni, yeye anatoka kwa mlango wa jikoni. Hanitazami usoni, hapokei kitu kutoka mkononi mwangu, na hanisemeshi. Kwa miaka mingi ya ndoa yetu hilo halikuwa tatizo, kwa sababu yeye aliishi kwake nami kwangu. Kisha akaja kwetu Kikuyu, Dodoma mjini, kutibiwa macho. Alikuja na kuku sita na mbuzi mmoja, maana alisema hawezi kuwaachia watu asiowaamini, na orodha ya anaowaamini ilikuwa fupi.

Mimi nimefundisha fizikia zaidi ya nusu ya maisha yangu. Kueleza ni kazi yangu, ni starehe yangu, na mke wangu huongeza kwamba ni ugonjwa wangu pia. Kuishi ua mmoja na mtu nisiyeruhusiwa kumweleza lolote kulinikondesha.

Kuku ndio waliotuokoa. Siku ya tatu nilikuwa naosha gari, na mama mkwe alikuwa upande wa pili wa ua akichambua majani ya mlenda, kanipa mgongo. Akawaambia kuku wake, kwa sauti iliyopimwa inifikie, "Kuku wangu, watu wa mjini wanaosha chuma kwa maji mengi, na bustani ile pale inakufa kiu." Nikafikiri. Hakuwa amenisemesha. Basi nami nikamgeukia jogoo, nikamweleza taratibu kwamba maji yale yana sabuni, na sabuni hudhuru miche. Mama mkwe akaguna, akiwaangalia kuku. Tangu siku hiyo tulizungumza kila siku, mambo mengi tu, na sijui kama kuna jogoo Dodoma nzima aliyesikia habari za msuguano na mvuke kama yule.

Gari langu ni dogo na la zamani, lenye dirisha la kioo juu ya paa, ambalo aliyeniuzia alilisifia sana nami sikuwahi kulifungua kwa sababu ya vumbi. Kivuli pekee cha kuliegesha ni chini ya mgunga ulio karibu na uzio. Mbuzi aligundua mapema kwamba kutoka kwenye boneti hadi juu ya paa ni hatua moja, na kutoka juu ya paa hadi kwenye matawi ni kunyoosha shingo tu. Kila siku alipanda. Bati likabonyea, likarudi, likabonyea tena. Nilimweleza jogoo kwamba chuma nacho huchoka; kikunje mara nyingi mahali pamoja na mwisho kitakatika. Mama mkwe akawaambia kuku kwamba kitu kilichotengenezwa kustahimili mvua hakiwezi kumwogopa mbuzi.

Jumapili moja tuliporudi kutoka kanisani tulimkuta mbuzi ndani ya gari. Alikuwa kwenye kiti cha dereva, vipande vya kioo vimetapakaa kila mahali, hana hata mkwaruzo. Alitazama mbele kwa utulivu, kama mtu anayesubiri taa zigeuke kijani, huku akitafuna mkanda wa usalama.

Mama mkwe alimtoa, akamkagua kwato zote nne, kisha akawaambia kuku kwamba watu wanaacha mitego ya vioo juu ya magari yao na mnyama wa watu angeweza kuumia.

Kingo za lile dirisha zilikuwa zimepinda, na chini ya rangi kutu ilikuwa imekula zaidi ya nilivyojua. Nilizunguka kwa wauza vipuri nikitafuta paa la aina ile. Walinionyesha milango, taa, hata usukani, lakini paa hakuna aliyekuwa nalo. Mmoja aliniuliza kwa upole kama nimejaribu turubai.

Hapo ndipo anapoingia shemeji yangu, kitinda mimba wa mama mkwe. Alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa Dar es Salaam, kwenye karakana inayotengeneza mashua na matangi ya faiba, na huko akajifunza pia kufanya kazi na nyuzi za kaboni. Mwaka uliotangulia alirudi Dodoma akapanga banda, ubavuni mwa mafundi wa madirisha ya chuma, akaanza kazi yake mwenyewe. Hadi wakati huo alikuwa ametengeneza bampa mbili na sinki moja. Mama yake hakulipenda jambo hilo. Mtu mwenye vyeti, alisema, anakaaje bandani katika mji ambao ofisi zinaota kama uyoga? Alikuwa na vyeti vya mwanawe vyote ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha hiyo alisafiri nayo kila aendako. Nadhani aliilalia.

Sasa shemeji alikuwa amepata mteja mmoja wa maana, kama angeweza kumshika. Mzee mmoja wa Chamwino alikuwa na magari ya kliniki tembezi, yale yanayokwenda vijijini na wauguzi na dawa. Magari hayo yalikuwa yameinuliwa paa kwa bati la chuma ili mtu aweze kusimama ndani, na kila yalipoteremka makorongo ya njia ya Gulwe yaliyumba hadi wauguzi wakasali. Mzee alitaka mapaa mepesi. Lakini alisema hanunui maneno, anataka kuona paa la kaboni juu ya gari linalotembea. Shemeji alikuwa na kaboni bila gari. Mimi nilikuwa na gari bila paa.

Mama na mwana wakaafikiana mbele ya mke wangu. Mzee akija Jumamosi akatoa kazi, bahasha itawekwa na haitatajwa tena. Akikataa, Jumatatu asubuhi shemeji atakwenda steshenari kujaza maombi ya kazi serikalini, na banda atalirudisha kwa mwenyewe. Shemeji alikubali. Nilimwona baadaye amesimama peke yake kando ya gari, akipitisha kiganja mahali palipokuwa na kioo.

Kwa nini uzito wa juu una maana kubwa? Nilimweleza jogoo kwa ndoo ya maji. Ndoo ukiishika mkononi, chini, unatembea bila wasiwasi; ukiinyanyua juu kwa mikono yote miwili, ukijikwaa kidogo tu mnakwenda chini wote. Mama mkwe akawaambia kuku kwamba yeye alibeba ndoo kichwani kabla mwalimu wa jogoo hajazaliwa, na hajawahi kumwaga. Ni hoja nzuri, na ina maelezo yake ya kisayansi, lakini jogoo alikuwa ameshaondoka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira, nami niliipenda. Shemeji aliazima gari la mtu mwingine la aina ileile, akalipaka paa lake nta, akachukua umbo lake kwa faiba. Hiyo ndiyo kalibu. Ndani ya kalibu akalaza kitambaa cha kaboni, cheusi, kilichofumwa kama mkeka mzuri, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikinyweshwa gundi inayochanganywa kutoka chupa mbili. Mwisho akafunika vyote kwa nailoni, akaziba kingo, akanyonya hewa kwa kompresa aliyoing'oa kwenye friji bovu, ili nailoni ikandamize tabaka zote zishikane. Hewa ikibaki katikati, pale hapajashikana. Kwa macho huoni kitu, lakini gari likitikisika siku nyingi ufa utaanzia hapo. Umeme ulikatika mara moja usiku ule, kwa muda mfupi. Asubuhi alikuta nailoni bado imekaza, akashukuru.

Paa la zamani tuliling'oa na kulibeba watu wawili tukihema. Jipya shemeji alikuja nalo kwa mkono mmoja, kikombe cha chai mkono wa pili, na chai haikumwagika. Akaligandisha na kulibana. Kabla ya hapo alikuwa ameligonga lote kwa sarafu, inchi kwa inchi, kwani ndivyo hupimwa: palipo pazima hulia kwa ukali, palipo na hewa hulia butu. Aliniambia amesikiliza kote na kote ni pazima. Alifanya hivyo bandani, mchana, huku mafundi wa madirisha wakikata vyuma hatua nne kutoka kwake. Hilo sikulifikiria wakati ule. Wala yeye.

Wiki ile nilijifunza kwamba hakuna Mtanzania anayeweza kupita karibu na paa jeusi bila kuligonga. Walilitazama, wakakunja kidole, wakagonga, kisha wakanitazama kwa huruma. "Mwalimu, hii plastiki," aliniambia jirani, kwa sauti ya chini ili watoto wangu wasisikie. Nilieleza. Nilieleza getini, dukani, nje ya kanisa. Mwingine alinishauri nisiendeshe kukiwa na upepo.

Mama mkwe peke yake hakusema kitu hadi Alhamisi. Siku hiyo alitandika khanga juu ya paa, akaanika mlenda wake. Kitu cheusi hunywa jua, na jua la Dodoma halihitaji kubembelezwa. Kabla ya saa nane mlenda ulikuwa umekauka, ukivunjika vidoleni kama unavyotakiwa. Aliwaambia kuku kwamba sinia hili si baya. Shemeji alipoambiwa hivyo alicheka hadi akakaa chini. Ilikuwa sifa ya kwanza kuipata kutoka kwa mama yake tangu afungue banda.

Ijumaa, alfajiri kumepambazuka na mji bado kimya, nilikuwa napiga mswaki bombani. Mama mkwe alikuwa akikusanya mlenda wa mwisho. Akakunja khanga, kisha, labda kwa mazoea tu, akagonga paa kwa kifundo cha kidole. Tok. Akasogea. Tok. Alizunguka gari lote akigonga na kuinamisha kichwa, kama wafanyavyo kina mama wanapochagua kibuyu cha kuhifadhia maziwa. Upande wa kushoto, nyuma kidogo, akasimama. Akagonga tena. Akatega sikio.

"Kuku wangu," alisema, "kibuyu hiki kina mahali hapajakomaa."

Nilitema povu nikamweleza jogoo, kwa upole wote niliokuwa nao, kwamba hiki si kibuyu. Kibuyu ni tunda. Hukomaa kwa jua na umri. Hii ni nyuzi na gundi, imenyonywa hewa, imepimwa na fundi kwa sarafu.

"Waambieni wenye shule," mama mkwe akawajibu kuku, "sikio halijui tunda wala gundi. Linajua pazima na pafu, palipokufa sauti."

Akaenda jikoni. Nikabaki na mswaki mdomoni. Nikachukua sarafu mfukoni, nikaanza kugonga nikielekea kushoto, nikitumaini kwa moyo wote kwamba mimi ndiye niko sahihi. Tik, tik, tik, tik. Tup. Nikarudi nyuma. Tik. Nikasogea. Tup. Lilikuwa eneo la upana wa kiganja.

Nilimpigia shemeji simu. Alikuja akiwa na hasira ya mtu anayeogopa. Akasema betri za masikio ya mama zimechoka kama macho yake. Akasema mimi ni mwalimu wa ubao na si fundi. Akachukua sarafu kutoka mkononi mwangu agonge mwenyewe. Alifika pale mahali. Akagonga mara moja, mara ya pili, mara ya tatu taratibu. Kisha akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Ni ule umeme," alisema. "Na yale magrenda ya wale jamaa. Shem, nilisikiliza nini mimi?"

Nilimwambia kwamba mzee anakuja kesho saa tatu na kwamba kwa macho hapaonekani kitu. Sikumshauri. Nilisema tu jambo lililokuwa kweli, na hadi leo sijui nilitaka afanye nini nalo. Yeye alitazama mlango wa jikoni, ambako mama yake alikuwa akipuliza moto, halafu akatazama gari.

"Lakini mama amesikia," alisema.

Akaenda kuchukua vifaa. Alitoboa vitundu viwili, vyembamba kama vya sindano ya gunia, akasukuma gundi kwa bomba la sindano la mifugo katika kimoja hadi ikachungulia katika kingine. Juu akaweka karatasi ya nailoni, na juu ya nailoni kilihitajika kitu kizito kitakachokandamiza sawasawa bila kuumiza. Mke wangu alileta nusu gunia la mtama. Haikutosha. Ukatoka mlango wa jikoni mkono ulioshika jiwe la kusagia, ukaliweka chini kizingitini, ukarudi ndani.

Gundi ile hutaka takriban siku nzima. Saa tatu ya Jumamosi bado ilikuwa haijakamilisha siku yake, na mzee wa Chamwino, tofauti na watu wote niliowahi kuwasubiri, alifika saa tatu kamili.

Alikuwa mrefu, mwenye kofia ya pama, mtu wa maneno machache. Alisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", getini, akaitikiwa kutoka jikoni. Akatembea hadi kwenye gari, akatazama gunia la mtama na jiwe la kusagia vilivyokaa juu ya paa, akasubiri kuelezwa. Nikafungua mdomo. Mke wangu akanifinya mkono, nikaufunga.

Shemeji alijifuta viganja kwenye suruali.

"Mzee, paa lina kasoro," alisema. "Tabaka hazikushikana hapo chini ya gunia. Tumeiona jana, nimeitibu, na gundi inataka hadi mchana. Ungekuja jioni usingejua kitu."

"Nani aliiona?"

"Mama yangu. Aliigonga."

Nilisikia mbuzi akitafuna. Mzee akasema amekatiza safari zake kuja kuona paa, na ameonyeshwa mgonjwa aliyelazwa. Hakusema kwa ukali, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Shemeji aliinamisha kichwa. Pale mlangoni niliona kona ya bahasha ya kaki chini ya kwapa la mama mkwe, na nilijua kwamba Jumatatu ilikuwa imefika.

Mama mkwe akatoka. Alipita mbele ya kuku bila kuwatazama, akasimama upande wa pili wa gari, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake alinisemesha.

"Mkwe, ondoa gunia."

Niliondoa gunia. Niliondoa na jiwe. Ningeondoa na magurudumu angetaka.

Alibandua nailoni, akagonga pazima kwanza, mara mbili. Kisha akagonga pale palipotibiwa. "Sikiliza, baba," alimwambia mzee. "Jana hapa palikuwa pafu kabisa. Sasa panajibu, lakini sauti bado mbichi. Jua likifika katikati patakuwa sawa." Akajinyoosha. "Mkwe, rudisha gunia."

Mzee alivua kofia. Akainama, akagonga kwa kidole chake mwenyewe, taratibu, akilizunguka paa lote, na kila hatua chache alirudi kulinganisha. Nikagundua kwamba anagonga kama mama mkwe: kifundo kimoja, kichwa kimeinama, jicho limefumbwa. Naye alikulia kwenye vibuyu. Alipofika mwisho alikuwa anatabasamu.

"Mafundi walioniwekea yale mapaa ya chuma," alisema, "kila mmoja aliniambia kazi yake haina doa. Nilikuja kuyajua madoa korongoni, na wauguzi ndani." Akamgeukia shemeji. "Nitakuletea gari moja kwanza. Tutaona. Lakini halitoki bandani kwako kabla mama huyu hajaligonga."

Shemeji alisema ndiyo mara nne.

Saa saba mchana mama mkwe aligonga tena, akaitikia kwa kichwa, na mtama ukarudi jikoni ukawa ugali. Kesho yake nilimwamkia kwa furaha, moja kwa moja, nikidhani mambo yamebadilika. Aligeuka akawauliza kuku ni nani huyo anayepayuka asubuhi. Nikarudi kwa jogoo wangu.

Macho yake yamepona, lakini hajarudi kwake. Anasema kuna kazi. Gari la kwanza la mzee lilipokamilika alipelekwa bandani, akasimama mlangoni, akawatazama mafundi wa madirisha bila kusema neno hadi wote wakazima mashine zao. Sasa wanazizima wenyewe wanapomwona anakuja. Bahasha ya kaki iko juu ya kabati la jikoni. Nilichungulia siku moja nikitafuta chumvi: vyeti amempa mwenyewe, na ndani amejaza mbegu za vibuyu.

Mbuzi bado anapanda gari. Paa jipya linateleza, hivyo anapanda kwa uangalifu zaidi, kwato zikigonga moja moja kutoka mbele hadi nyuma. Nilikuwa nimeshaandaa maelezo marefu kwa ajili ya jogoo kuhusu kwato na mikwaruzo. Kisha asubuhi moja nikamsikia mama mkwe jikoni, amesimamisha mwiko wake katikati ya sufuria, akisikiliza kwato zile hadi zilipofika upande wa kushoto, nyuma kidogo.

"Bado zima," aliwaambia kuku, akaendelea kusonga.